Jibini Mezani: Bismillahi, Kisu na Jirani



Leo tuzungumze juu ya jibini. Pengine utasema: sheikh na jibini wapi na wapi? Lakini kila chakula kigeni kiingiacho nyumbani huja na maswali yake, na maswali hayo huishia mlangoni kwetu sisi walimu. Hapa Ng'ambo, Tabora, akina mama wameniuliza zaidi ya mara moja: "Sheikh, hii Gouda tuliyoletewa, tuile au tuitupe?" Wengine hawaulizi. Huificha wakingoja mgeni mkubwa, watoto wasiionje, hata ikaota ukungu. Atupaye kwa shaka na afichaye kwa fahari, wote wawili wamepoteza neema.

Kwanza tuondoe shaka. Jina lenyewe, jibini, tumelipata kwa Waarabu pamoja na samli na asali. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, safari ya mwaka wa 9 Hijiria, akaagiza kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Basi jibini si uzushi. Linalobaki ni kile kinachoyagandisha maziwa. Tangu zamani hutolewa tumboni mwa ndama anyonyaye, na katika madhehebu yetu ya Shafi ni tohara iwapo ndama huyo amechinjwa kisharia na hajala kitu ila maziwa. Siku hizi viwanda vingi hutumia kigandishi kisichotoka kwa mnyama. Kwa hiyo soma maandishi ya kwenye karatasi, na kama hayaelezi, muulize muuzaji. Kuuliza si ujinga. Ila kutupa riziki pasi na kuuliza si uchaji Mungu.

Gouda ni mji wa Uholanzi ambao sokoni mwake jibini hii iliuzwa tangu kale, ndipo ikapata jina. Leo haitoki huko tu. Hutengenezwa Limuru na Eldoret nchini Kenya, na katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, hutengenezwa ya namna hiyo hiyo, iuzwayo Goma. Kijana wetu mmoja aendaye na malori alipata kuniletea ya Masisi, kwa njia ya Kigali, Rusumo na Kahama. Mji wetu huu ulikuwa kituo cha misafara. Vyakula vya mbali si vigeni kwake. Nilipoishika nikawafikiria wafugaji wa kule, walivyoteswa na vita miaka na miaka, na bado wanakama ng'ombe wao. Tena kilo moja ya jibini hula maziwa kiasi cha lita 10. Ndugu yangu, kipande cha kiganja kimebeba jasho la watu wengi. Je, ni haki kioze kabatini?

Sasa namna ya kuitumia. Ile nta ya nje, nyekundu au ya manjano, hailiwi, imenye. Ikiwa imetoka kwenye jokofu, iache nje kiasi cha nusu saa kabla ya kula, kwani baridi huficha ladha. Gouda changa, ya wiki chache tu, ni laini na huyeyuka vizuri. Ya mwaka mmoja huwa ngumu na kali, hufaa kukatwa vipande vyembamba au kukwaruzwa kama nazi.

Asubuhi, kata vipande vyembamba uvile kwa boflo au kwa chapati ya moto. Au itandaze juu ya chapati kikaangoni, moto mdogo, ufunike mpaka ilegee. Moto mkali huitoa mafuta na kuifanya kama mpira. Ikwaruze juu ya muhogo au viazi vitamu vilivyochemshwa, au uichanganye na mayai na kitunguu. Lakini punguza chumvi, maana jibini imelowekwa katika maji ya chumvi tangu ilipotengenezwa. Wakati wa kahawa, ipange na tende. Nasi watu wa Tabora tuna letu: kipande cha Gouda ngumu na tone la asali ya miombo juu yake. Chumvi na utamu hukutana pale vizuri mno. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Iliyobaki ifunge kwa karatasi ya mafuta, kisha uitie ndani ya chombo chenye kifuniko, uiweke penye baridi. Gouda ngumu ikiota ukungu kidogo, kata sehemu hiyo pamoja na inchi moja kuizunguka, ule iliyosalia. Iliyokwisha kukatwa haistahimili joto letu, basi nunua kidogo kidogo. Na kama mfuko hauruhusu, maziwa mgando na samli ya nyumbani havina upungufu. Jibini haimpandishi mtu daraja, wala kuikosa hakumshushi.

Ikikufikia, usingoje mgeni mwenye gari. Wageni wako wa kwanza ni watoto wako, na wa pili ni jirani aliye nyuma ya ukuta, aliyeisikia harufu ya chapati yako. Mpelekee sahani, hata vipande vitatu. Na umweleze kilichomo, ili naye ale bila wasiwasi. Taja jina la Mola wako, shika kisu, ukate vyembamba ili vifike kwa wengi.

Wabillahi tawfiq.