Mpiga Mbiu na Tarishi

Neno swichi humtatiza mwanaistilahi: ile ya ukutani huwasha taa, ya mtandao husafirisha ujumbe. Habu, iliyoitangulia, ni mpiga mbiu. Anenalo mmoja husikiwa na tarakilishi zote. Swichi ya ethaneti, iliyoletwa sokoni mwaka 1990 na kampuni ya Kalpana ya Marekani, ni tarishi. Husoma anwani ya mtumaji, yenye biti 48, ikakariri mlango alikotokea. Ujumbe wake ujapo, hufikishwa mlangoni hapo tu. Mlengwa asipojulikana, tarishi naye hupiga mbiu. Ruta huvusha ujumbe hadi mtandao mwingine. Aundaye istilahi, basi, na aanzie kwenye kazi, si kwenye jina la kigeni. Kwani baina ya mbiu na barua ndimo ilimo siri ya mtu.