Nyama Ilikwama kwa Digrii 68

Wacha niwaambie ukweli, kwa sababu ile picha niliyoweka Jumapili ilidanganya kidogo. Mliona nyama nyeusi nje, laini ndani, mkajaza moto kwa comments. Hamkuona kipande cha kwanza, kile kilichotushinda kutafuna.

Ilianza na malipo yangu ya kwanza ya video. Pesa ziliingia kwa simu, nikaenda bucha nikaomba kidari cha ng'ombe, kilo mbili na nusu, bila mfupa. Mwenye bucha akauliza, "Ya supu?" Nikasema ni ya kupika kwa moshi. Akanicheki kama mtu aliyepotea stage.

Sasa, kwetu fundi wa choma ni Baba. Mbuzi wake huiva kwa saa moja na kitu, na hajawahi kuomba mtu ushauri. Pia ndiye huniuliza kila mwisho wa mwezi, "Na hiyo kazi ya simu?" Kwa hivyo hii haikuwa nyama tu. Nilitaka ale kitu kilichonunuliwa na hiyo kazi ya simu, na kiwe kitamu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimewasha pipa. Makaa upande mmoja, nyama upande wa pili, vipande vya mwembe mkavu juu ya makaa, kisha kifuniko. Chumvi na pilipili manga, basi. Huko Texas, Marekani, ambako upishi huu una jina kubwa, wengi hawaongezi zaidi. Joto la pipa nililishikilia kwa digrii 115 hivi. Kidari ni msuli unaobeba uzito wa ng'ombe kila siku, kwa hivyo umejaa kolajeni, ile kitu hufanya nyama ivutike kama mpira. Moto mkali hauiyeyushi. Muda ndio huiyeyusha.

Saa saba mchana kipimajoto kilisoma 68 ndani ya nyama. Saa nane, 68. Saa tisa, 69. Wueh!

Wageni wamekaa. Mathe amepika ugali, kachumbari imeanza kutoa maji. Baba akapita karibu na pipa: "Kwani huyo ng'ombe bado analishwa?" Watu wakacheka. Mimi nikaingiwa na aibu, nikachukua kisu, nikakata kipande cha pembeni nikawapelekea.

Kilikuwa kigumu kama kandambili. Baba alitafuna, akatafuna, akakiweka kando ya sahani polepole. Hakusema kitu. Heri angesema.

Nikarudi nje, karibu nilie, nikaanza kusoma. Kumbe kukwama ni kawaida. Nyama ikifika hapo hutoa jasho, na jasho likikauka huipoza, kama vile upepo hukupoza ukitoka kucheza mpira. Moto unaingia, baridi inatoka, namba inasimama. Lakini ndani kolajeni imeanza kuyeyuka. Nikaifunga nyama kwa foili, nikarudisha, nikaacha kufungua kifuniko kila dakika.

Saa kumi na mbili jioni ilifika digrii 95. Nikaipumzisha saa nzima. Kisu kiliingia kama kwenye parachichi.

Wageni wengi walikuwa wameenda. Baba alikula vipande vinne, akapangusa mikono, akaniuliza, "Ukianza saa kumi na moja alfajiri, si itakuwa tayari mchana?" Kwa Baba, hiyo ni sifa.

Shida yetu, na najiweka wa kwanza, ni kwamba tunaweka picha ya saa moja usiku na kuficha ya saa tisa. Halafu mtu mwingine akikwama kwa 68 anadhani ameharibu, anakata mapema. Ndiyo maana leo nimeweka pia video ya ile kandambili.

Wewe, ni kitu gani ulikata kabla hakijaiva?