Ruqya Haikatazi Hospitali



Ndugu wazazi, leo niruhusuni nikiri kosa langu.

Dada yangu aliyeolewa Bwera alijifungua kwa upasuaji. Siku ya kumi shemeji akanipigia simu Kasese: mguu mmoja umevimba, anahema kama aliyepanda mlima, kifua kinamchoma akivuta pumzi. Nikaenda, nikamsomea ruqya, nikasema, "Ni uchovu wa uzazi, tusubiri Ijumaa ipite." Mimi ndiye mwalimu wao, nani angenipinga? Siku ya pili mama yetu akaniambia, "Mwanangu, dua umeshaomba. Sasa tafuta gari."

Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari akashuku donge la damu limetoka mguuni na kukwama mapafuni. Akaanza papo hapo sindano za kuzuia damu isigande, kisha tukapelekwa Kampala, zaidi ya kilomita 300.

Figo zake zilikuwa dhaifu, hivyo madaktari waliepuka dawa inayochomwa kwa siti skani. Wakampiga picha mbili za namna nyingine. Kwanza alivuta hewa yenye mionzi kidogo, kamera ikaonyesha hewa inafika wapi. Kisha akachomwa mshipani chembe ndogo za protini zenye teknesiamu, ambazo hunasa katika vimishipa vya mapafu, kamera ikaonyesha damu inafika wapi. Nilielewa kwa mfano wa mifereji yetu ya Mubuku: mfereji ukiziba huko juu, shamba la chini hukauka ingawa hewa ipo tele. Mapafu ya dada yalikuwa na sehemu zenye hewa lakini hazina damu. Hapo ndipo donge lilipoziba.

Tuliogopa mionzi kwa ajili ya mtoto. Tukaelezwa kuwa nguvu ya teknesiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6. Dada akakamua maziwa na kuyamwaga kwa muda aliopangiwa, kisha akanyonyesha.

Alhamdulillah, baada ya miezi ya dawa amepona. Lakini siku mbili nilizompotezea zingeweza kuwa za mwisho wake. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, nami nilikuwa nikilifundisha hilo darasani.

Mzazi aliyejifungua, au mtu aliyepasuliwa au kulala kitandani siku nyingi, akivimba mguu mmoja au akibanwa na pumzi ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Dua someni ndani ya gari.

Wabillahi tawfiq.