Kura ya Stima

Januari 2025, mama yangu alilala na koti nyumbani kwangu. Hita haikuwa imeharibika. Mimi ndiye niliyeishusha usiku, nikafunga mlango taratibu, nikaenda kazini.

Alikuwa amekuja kututembelea Marietta, kaskazini mwa Atlanta, ambako Wakenya tumekuwa wengi hadi unga wa ugali hautafutwi mbali. Mimi hufanya zamu ya usiku kwenye ghala. Bili ya Desemba ilikuwa imenitoa jasho, nikaamua tutajikaza. Niliporudi asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, koti limefungwa hadi shingoni, soksi mbili mbili.

"Baba," akaniambia, "baridi ya Limuru nilizaliwa nayo. Lakini kule tunawasha jiko. Sasa hapa unalipia nini?"

Nikamwambia stima imepanda bei. Akauliza ni nani ameipandisha. Nikasema, "Si ni wao."

Akacheka. "Kumbe hata huku wako?"

Kwetu "wao" tunawajua kwa jina. EPRA ndiyo huidhinisha bei ya stima, na wakubwa wake huteuliwa. Hakuna anayekuja Limuru kuomba kura. Mama hununua tokeni kwa simu. Pesa ni zile zile, uniti zinapungua. Hulalamika kidogo, kisha huzima taa ya nje.

Aliporudi nyumbani swali lake lilibaki na mimi. Nikaanza kusoma, na nilichokuta kilinitia haya. Georgia ni mojawapo ya majimbo machache ya Marekani ambako wananchi wenyewe huwachagua wasimamizi wa bei ya stima. Kwingi huteuliwa, hasa na gavana. Tume ya hapa ina watu watano, kila mmoja muhula wa miaka sita. Kila kamishna lazima aishi katika wilaya yake, lakini anapigiwa kura na jimbo zima.

Yaani "wao" tulikuwa tunawachagua, na mimi nilikuwa nimepiga kura. Januari 2021, dunia nzima ilipokuwa ikitazama viti viwili vya seneti vya Georgia, kulikuwa na kiti cha tatu chini yake: cha tume hii. Nilikiruka. Majina sikuyajua, na usingizi wa zamu ulikuwa umenishika.

Na watu hao hawaamui mambo madogo. Kule Vogtle, karibu na Mto Savannah, vilijengwa vinu viwili vipya vya nyuklia. Vilichelewa miaka saba hivi. Gharama iliyokadiriwa mwanzoni kuwa dola bilioni 14 ikapita bilioni 30. Kinu cha kwanza kilianza kazi ya biashara Julai 2023, cha pili Aprili 2024, na tume ikaruhusu mabilioni ya gharama hizo yaingizwe kwenye bili za wateja. Sisemi vinu ni vibaya. Stima yake haitoi moshi. Nasema waliotia sahihi walikuwa na majina, na majina yaliwahi kupita mbele ya macho yangu.

Mwaka wa 2022 ningepata nafasi nyingine, lakini uchaguzi wa tume ulisimamishwa. Wapigakura Weusi walikuwa wameenda mahakamani wakisema kura ya jimbo zima inazimisha sauti yao. Walishinda mwanzoni, kisha mahakama ya rufaa ikabatilisha uamuzi huo. Kesi ilipoisha, makamishna wawili walikuwa wamekalia viti kupita muda wao.

Hivyo tarehe 4 Novemba 2025 nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kituoni. Hakukuwa na foleni. Nikagusa skrini, karatasi ikatoka, nikaisoma mara mbili kabla ya kuilisha mashine. Hapa hawapaki wino kidoleni. Wanakupa kibandiko chenye picha ya pichi. Nikampigia Mama picha yake nikamtumia.

Usiku ule Alicia Johnson na Peter Hubbard, wote wa chama cha Democratic, waliwashinda Tim Echols na Fitz Johnson wa Republican, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60. Kabla ya hapo viti vyote vitano vilikuwa vya Republican. Kampeni nzima ilikuwa bili tu: bili na vile vituo vya data vinavyojengwa kila kona, na nani atalipia stima yao.

Mama alipiga asubuhi. "Kwa hivyo bei imeshuka?"

"Bado, Mama. Hao ni wawili kati ya watano."

"Sasa ulishangilia nini?"

Nilijaribu kumweleza kwamba sasa nawajua kwa majina, na kwamba wakikosea nitajua siku ya kuwangoja. Akanisikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mjumbe wa chama cha ushirika.

"Sawa, baba," akasema. "Lakini nikija tena, hita iwake."

Nimemwahidi. Hiyo haikuhitaji tume wala kura. Ilikuwa mkononi mwangu tangu usiku ule.