Hekalu Dogo Chini ya Jabali la Tororo

Msafiri atokaye Merikit kwenda Tororo haulizi njia. Jabali la mji huo, lenye kimo cha meta 1,483 juu ya usawa wa bahari, humwongoza tangu angali katikati ya mashamba ya mihogo, mtama na ulezi. Nchi hii ni ya Wateso na majirani zao Wajopadhola. Jioni wazee huketi kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Msomaji na akikumbuke chungu hicho, maana tunakwenda kwa watu ambao pombe hawaigusi kabisa.

Mjini Tororo, mwaka 1960, liliwekwa wakfu hekalu la Kihindu la madhehebu ya Swaminarayan, mojawapo ya matatu ya Uganda mwaka huo. Mengine ni ya Kampala na Jinja. Aliyeyaweka wakfu ni Yogiji Maharaj, mtawa mzee kutoka Gujarat, magharibi ya India, ambaye mwaka 1955 alikuwa amefungua hekalu la Mombasa. Mwaka huo ulianza kwa misukosuko, kwani mwezi Januari Wilaya ya Bukedi ilitikiswa na ghasia za kodi.

Wengi hudhani kwamba Wahindi wote wa huku ni wazao wa vibarua wa reli. Sivyo. Vibarua 32,000 hivi waliletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, na wengi walirudi kwao. Wenye maduka na vinu vya kuchambulia pamba, hasa Wagujarati, walikuja kwa nauli zao wakiifuata biashara. Dini waliitunza kwanza nyumbani, kwa picha ukutani, taa ya samli na nyimbo za jioni. Hekalu lilifuata baadaye.

Swaminarayan, wanayemwabudu, alizaliwa mwaka 1781 na kufariki 1830. Kwao sanamu iliyowekwa wakfu hutunzwa kama mgeni mheshimiwa: huamshwa asubuhi, huvishwa, huandaliwa chakula, na usiku hulazwa. Wakati wa arati taa za samli huzungushwa mbele yake huku kengele zikilia, kisha waumini hupitisha viganja juu ya mwanga na kuvigusisha usoni. Wanaume huketi upande wao na wanawake upande wao. Nyama, kitunguu na kitunguu saumu haviingii jikoni. Mara baada ya Divali, siku ya mwaka mpya wa Kigujarati, vyakula vya kila namna hupangwa ngazi kwa ngazi mbele ya sanamu. Mama aliyezoea kuanza kila mchuzi kwa kukaanga kitunguu ataelewa kazi iliyopo hapo!

Ibada ya namna hii inadai mkono wa mtu kila siku. Ndiyo sababu yaliyotukia mwaka 1972 yalikuwa mazito kuliko kufunga duka; tena yalianzia mjini humo humo. Tarehe 4 Agosti, katika kambi ya jeshi ya Tororo, Jenerali Idi Amin aliwatangazia askari kwamba Waasia wenye pasi za Kiingereza wataondolewa nchini. Muda ukawa siku 90. Familia iliruhusiwa kuchukua paundi 50 hivi, na hadi tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kwenda. Duka liliweza kutiwa kufuli, lakini nani angeamsha sanamu asubuhi? Yogiji Maharaj hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 23 Januari 1971, siku mbili kabla ya Amin kutwaa serikali.

Wengi walikwenda Uingereza. Huko London wenzao walikuwa na hekalu dogo tangu 1970, katika jengo lililokuwa kanisa, na mwaka 1995 lilifunguliwa lile kubwa la Neasden. Uganda nayo ilipitisha sheria ya kurudisha mali mwaka 1982, na miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majumba yao.

Familia ya askari ikihamishiwa mji wenye hekalu kama hili, na ikikaribishwa, ivue viatu mlangoni na kuwatuliza watoto. Mwishoni mtapewa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu. Kipokeeni kwa mkono wa kulia, mle pale pale.