Miji ya Maharamia

Mwizi wa kuku hufungwa akasahauliwa, lakini mnyang'anyi wa mji mzima huandikiwa vitabu. Desturi hii ya dunia huonekana wazi sana katika bahari ya Karibi, ambako miji iliyokaliwa na maharamia, na mingine iliyoporwa nao, zaidi ya miaka 300 iliyopita, leo hutembelewa na wageni kwa gharama na kwa furaha. Mgeni huja kumtafuta haramia. Swali lifaalo kuulizwa ni kama haramia ndiye aliyestahili kutafutwa.

Safari ya namna hii yafaa kuanzia Port Royal, katika kisiwa cha Jamaika. Mji huu umekaa katika ncha ya ulimi mrefu wa mchanga uikingao bandari ya Kingston. Waingereza walikitwaa kisiwa hicho mikononi mwa Wahispania mwaka 1655, na kwa kuwa walinzi wao walikuwa wachache na adui zao wengi, waliwakaribisha wanyang'anyi wa baharini wawe ngome yao. Gavana aliwapa hati za ruhusa ya kuteka merikebu za Hispania. Wao walileta nyara, wafanyabiashara walizinunua, na serikali ilipata fungu lake. Kwa nguvu ya karatasi, jambo lililokuwa wizi jana likawa utumishi leo.

Henry Morgan, mtu wa Wales, alipanda juu kwa ngazi hiyo. Mwaka 1668 aliuteka mji wa Portobelo, katika pwani ya Panama, akauacha baada ya kulipwa fidia ya peso 100,000. Mwaka 1671 aliuteka mji wa Panama wenyewe, hali Uingereza na Hispania zilikuwa zimekwisha kupatana. Alikamatwa akapelekwa London. Lakini mahali pa kitanzi alipata cheo, akarudi Jamaika kuwa naibu wa gavana. John Rackham, aliyekuja nyuma yake, hakuwa na bahati hiyo. Wakati wake serikali haikuwa tena na haja ya wanyang'anyi, maana sukari ilitaka bahari tulivu. Alinyongwa Port Royal mwaka 1720, na mwili wake ukatundikwa katika kisiwa kidogo karibu na mji ili uwe onyo kwa mabaharia.

Mgeni afikaye Port Royal hukuta mji mdogo wa wavuvi. Tarehe 7 Juni 1692, karibu na adhuhuri, nchi ilitetemeka. Mchanga uliobeba nyumba za matofali ukalegea kama uji, na sehemu kubwa ya mji ikazama baharini. Watu wapatao 2,000 walikufa siku ile, na wengine wengi walifuata kwa majeraha na maradhi. Kaburi la Morgan, aliyezikwa mwaka 1688, lilizama pia. Saa ya mfukoni iliyotolewa chini ya maji mwaka 1959 ilionekana kuwa imesimama katika saa tano na dakika 43. Mwaka 2025 UNESCO iliutia mji huo, wa nchi kavu na wa chini ya maji, katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro kuna kaburi ambalo wageni huonyeshwa kwa mshangao. Ni la Lewis Galdy, Mfaransa aliyekufa mwaka 1739. Jiwe lake lasimulia kuwa alimezwa na nchi siku ya tetemeko, kisha akatupwa baharini na mshindo wa pili, akaogelea hata akaokolewa na mashua. Lasema pia kwamba alipendwa na wote waliomjua. Halisemi kwamba mtu huyu aliyetolewa tumboni mwa ardhi alifanya biashara ya watumwa. Watu waliouzwa hawakuhesabiwa miongoni mwa waliomjua.

Hapo ndipo safari ya kumtafuta haramia inapobadilika. Morgan mwenyewe alipokufa aliacha mashamba na zaidi ya Waafrika 100 watumwa. Nyara za baharini zilikuwa mali ya kupata mara moja. Jasho la watumwa lilikuwa mali ya kila siku, tena sheria ililinda mapato yake. Haramia alihukumiwa asipokuwa na hati. Mwuza watu alikuwa na hati siku zote, na hakupandishwa kizimbani.

Portobelo, mji alioutoza fidia Morgan, wakamilisha somo hili. Fedha ya Peru ilivushwa nchi kwa nyumbu hadi bandari hiyo, ikapakiwa kwenda Hispania. Na katika soko lile lile Waafrika waliuzwa. Kuta za ngome zimebomoka, na mizinga yenye kutu ingali yaelekea baharini kungoja adui asiyekuja. Lakini wazao wa waliouzwa wapo. Katika siku za kabla ya Kwaresima hucheza ngoma iitwayo Congo, wana malkia wao, huvaa nguo za ndani-nje, na husema maneno yaliyopinduliwa, kuwakumbuka watumwa waliotoroka mabwana wakaishi huru msituni. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua utamaduni huo.

Mgeni mwenye subira, akisha kutazama mizinga, na aikawilie ngoma hiyo. Nyara za maharamia zilitumika zikaisha, na kaburi la mkubwa wao liko chini ya maji. Waliohesabiwa kuwa bidhaa hawakuachiwa jiwe la kaburi wala ukurasa wa kitabu; hata hivyo jina la nchi ya Afrika lingali laitwa kwa sauti kuu katika njia za Portobelo, na waitikao ni watoto wao.