Daraja Lilikuwa na Wenyewe

Vijana wanaopanda basi Mbagala alfajiri wakala mchana Lindi hawaniamini nikiwaambia kwamba miaka ya tisini safari ile haikuwa na saa ya kufika. Nilikuwa utingo wa basi la Kusini. Kiangazi, mambo yakienda vizuri, tuliingia Lindi kesho yake. Masika hatukuahidi mtu kitu. Mwenye haraka alikwenda bandarini kutafuta meli, au alizungukia Iringa, akashuka Songea na Tunduru hadi Masasi, yaani nusu ya nchi nzima, ili afike mkoa ambao upo pwani moja na Dar es Salaam.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Mto Rufiji. Tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Maji yakijaa, pantoni inafungwa, na magari yanapanga foleni porini bila mtu kujua itaondoka lini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilituonyesha mengi. Akina mama wa vijiji vya jirani walituuzia wali na samaki, na walijua foleni itakaa siku ngapi kabla yetu sisi wenye magari. Abiria walizika urafiki na kuanzisha uchumba palepale. Usiku hakuna aliyekwenda mbali na basi hata kwa haja, maana Rufiji ni nchi ya simba. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika wilaya ile.

Mtumishi wa serikali akipewa barua ya kuhamia Kusini, wenzake walimpa pole. Wazee wa Nachingwea walikuwa na lao la kuongeza: sisi tulikuwa na reli hadi Mtwara, ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa hiyo habari za daraja zilipoanza kusikika, watu walizisikiliza wakitafuna korosho.

Lakini daraja lilikuja. Agosti 2003 Rais Benjamin Mkapa alilifungua, urefu wa mita 970 juu ya Rufiji, likapewa jina lake. Siku zile pale stendi ya Nangurukuru hapakuwa na mazungumzo mengine.

“Mzee katutoa gizani,” alisema mwenye kofia ya kijani ya CCM.

“Katoa mfukoni mwake?” akajibiwa na mtu wa chama cha upinzani cha CUF. “Ule ni mkopo wa Kuwait na OPEC, ndugu yangu. Atakayelipa ni wewe na ufuta wako.”

Abiria wa bara nao walidakia kwamba rais kapendelea kwao, maana kila mtu alijua Mkapa ni wa Lupaso, Masasi. Hapo Wamakonde ndio waliokasirika hasa. Kapendelea nini, wakati lami yenyewe hamuioni?

Mimi nilimpa Mkapa haki yake na bado ninampa. Marais waliomtangulia walikuwa na mto uleule. Ila Wamakonde nao walisema kweli. Ukishavuka daraja kuelekea kusini, kati ya Ndundu na Somanga palikuwa na kilomita 60 za udongo mweusi, ule unaonata kama ugali wa muhogo. Tulishusha abiria, wanaume wakasukuma, akina mama wakatembea mbele na watoto mgongoni. Basi letu liliwahi kulala Nyamwage huku daraja jipya likiwa nyuma yetu, linang'aa.

Mwaka 2004 gesi ya Songosongo ilianza kufika Ubungo kwa bomba linalotokea baharini pale Somanga. Dereva wangu aliutazama ule ukuta wa tope akasema, “Gesi imetupita, bwana, na wala haikukwama.”

Kila uchaguzi tuliuliza habari za kipande kile, na kila uchaguzi tulijibiwa kwa daraja. Mkandarasi alilaumu mvua. Wakubwa walimlaumu mkandarasi. Diwani alisema fedha hazijashuka. Mwaka 2010 Kilwa Kusini na Lindi Mjini zilipochukuliwa na CUF, wapo walioapa kwamba sasa tunaadhibiwa kwa kura zetu. Sikuliamini hilo, kwa sababu tope lilikuwepo hata tulipokuwa tunaichagua CCM bila kuulizwa mara mbili. Ninachoamini ni kwamba daraja hupewa jina la mkubwa, na kilomita 60 za porini hazipewi. Wote waliokuwa wanagombea sifa, wa kijani na wa CUF, waligombea kile chenye jina. Kipande kisicho na jina kikabaki kwa matingo na majembe yao.

Mwaka 2013, miaka kumi baada ya daraja, lami ya Ndundu hadi Somanga ilikuwa bado haijakamilika. Ndiyo miezi ileile Mtwara walipoandamana wakisema gesi yao haitoki kwenda Dar es Salaam. Magazeti ya mjini yalishangaa hasira ile imetoka wapi. Aliyewahi kusukuma basi Nyamwage hakushangaa.

Baadaye lami ilikwisha, nami nikaacha kazi ya basi nikafungua duka. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo pale Somanga na Kusini ikatengwa tena kwa siku kadhaa. Safari hii sikumsikia hata mmoja akisema barabara ni yake. Basi wanasiasa wakija tena kugombea nani alijenga nini, waulizeni makaravati ya Somanga yanazibuliwa na nani, mwezi gani, kwa fedha za fungu lipi.